Mashine ya marehemu Baba haikati sawa, na Kaka anataka iuzwe

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, muuguzi katika hospitali moja mkoani Tanga. Naomba jina langu lisitoke, maana ndugu zangu nao ni wasomaji wa safu hii.

Baba yetu alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mkereza vyuma katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Shafti na bushi za korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge kutoa singa, zote zilipita mikononi mwake. Mashamba yalipobinafsishwa miaka ya 90, karakana yao iliuza vifaa, na Baba akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua mashine moja ya kukereza, Colchester Student ya Uingereza. Aliifunga kwenye banda nyuma ya nyumba, akatoa mota yake ya umeme wa njia tatu na kuweka ya njia moja. Huko ndiko alikoumalizia uzee wake.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeanza kufundishwa. Hawakuelewana. Baba alikuwa mkali wa vipimo, kazi ikipungua kidogo tu anaitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu mbele yako. Kaka alipopata akili ya kujitegemea alikwenda Dar es Salaam, na sasa ana duka la vipuri vya pikipiki. Mimi nilibaki nikimshikia Baba tochi na kopo la oili, mpaka akaanza kuniachia nikate mwenyewe. Alipokuwa ameshaanza kuumwa aliniambia, "Mashine hii utabaki nayo wewe, unaisikia." Tulikuwa wawili tu pale bandani.

Baada ya msiba, Mama alihamia kwa mdogo wetu wa kiume, Korogwe, na nyumba ikapangishwa. Mashine ikaletwa kwangu. Vibarua waliiinua kwa cheni bloku, wakaiviringisha juu ya mabomba hadi kwenye lori. Kuna vibati vilikuwa chini ya miguu yake, wakavifagia pamoja na taka. Sasa imekaa kwenye banda langu lenye sakafu ya saruji ya kawaida, na umeme nauvuta kwa ekstensheni kutoka dirisha la jikoni.

Mjomba, sifanyi biashara. Ni starehe yangu. Nikitoka zamu ya usiku, badala ya kulala moja kwa moja, nakaa pale saa moja au mbili. Nimetengeneza bushi ya cherehani ya jirani, vishikio vya droo za kabati, na pia za shaba za kuchezea wanangu. Mwanangu mkubwa ana miaka 13 na hataki kuondoka pale. Mume wangu hana neno, ila analalamikia kelele na anaogopa nitaumia. Ndiyo maana navaa glavu, maana yale maranda ya chuma yanakata vibaya.

Tatizo ni kwamba tangu ihamie kwangu haikati sawa. Nikikereza ufito wa milimita 20 uliochomoza sentimita 18 nje ya chaki, kile kibanio kinachozunguka na chuma, karibu na chaki napata kipimo ninachotaka, mwisho wa nje unazidi kwa milimita 0.3. Nikitumia kisu cha kukatia, kile cha kutenganisha kipande, mashine inalia hadi kwa jirani na chuma kinabaki na mawimbi. Jioni, mota nayo inaunguruma tu bila kuzunguka, mpaka niusaidie mkanda kwa mkono.

Nilimwita fundi. Aliishika chaki, akaitikisa, akasema beringi za kichwa cha mbele, kile kinachobeba chaki, zimekwisha na anataka 1,600,000. Kaka alipolisikia hilo akasema, "Mashine imekufa, tuiuze kabla haijawa skrepa." Ana mteja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anayetoa 4,000,000. Anasema tugawane watatu. Mdogo wetu anamfuata yeye. Mama hasemi kitu.

Nalala nikiwaza kwamba nikiweza kuifanya ikate sawa hata mara moja, Kaka akaona kwa macho yake, maneno yatakwisha. Lakini pia najiuliza kama nang'ang'ania chuma tu huku naharibu undugu. Nifanye nini?

Binti wa Mkereza, Tanga

JIBU LA MJOMBA

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma kwa makini, kwa sababu kabla ya kuanza kuandika hapa nilifundisha karakana ya shule ya ufundi miaka mingi, na nawajua wazee wa aina ya baba yako. Kumwambia mtoto "unaisikia" si neno walilolitoa ovyo. Nataka ujue kwamba nimeelewa uzito wake.

Nikikusikia vizuri, una mashine ya Baba ambayo imeanza kukusumbua tangu ihame, una kaka anayeona kusumbua huko ni dalili ya kufa, una maneno ya marehemu ambayo hakuna shahidi wake, na katikati yuko mama aliyenyamaza. Mambo haya umeyafunga pamoja, kana kwamba ukilifungua moja na mengine yatafunguka. Nitakuomba tuyatenganishe. Ila kuna mawili hayasubiri mazungumzo yoyote, niyaseme kwanza.

La kwanza ni glavu. Zivue. Usizivae tena mbele ya mashine inayozunguka. Maranda yakikukata, utaosha kidonda na kufunga plasta, kazi unayoijua kuliko mimi. Glavu ikinaswa na chaki haichaniki, inaondoka na mkono, na mota haijui kwamba kuna mtu. Hivyo hivyo kanga, dera, mtandio unaoning'inia, bangili na pete. Vaa nguo iliyokubana mikononi, nywele zifungwe ndani ya kilemba kisicho na ncha, na miwani ya kukinga macho. Maranda marefu yavute kwa ndoano ya waya baada ya kusimamisha mashine. Na ule mkanda unaousaidia kwa mkono jioni, uache leo. Siku mota ikishtuka na kuwaka kidole kikiwa kati ya mkanda na puli, hutapata nafasi ya kukitoa.

La pili ni ekstensheni. Mota ya namna hiyo inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi. Waya mwembamba wa mita nyingi unakula volti nyingi katika sekunde hizo, na jioni, mtaa mzima unapowasha majiko na feni, volti zenyewe zimeshashuka. Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa haraka kuliko volti zinavyoshuka: ikipata 190 badala ya 230, inabaki na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake. Ndiyo maana inaunguruma. Mwombe fundi umeme mwenye leseni akuvutie waya mnene kutoka kwenye bodi hadi bandani, wenye arthi na swichi yake yenyewe, na apime volti pale kwenye mota saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Kama volti ni nzuri na bado inaunguruma, basi aitazame kapasita ya kuwashia na swichi iliyo ndani ya mota. Kapasita ni kitu cha bei ndogo. Na mota ikiunguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Kila sekunde inayopita inaunguza waya zake. Mashine yote ni chuma, na wewe umeisimamia kwenye sakafu ya saruji huku Tanga kwenye unyevu. Arthi si jambo la kuahirisha.

Sasa tuje kwenye kukata.

Umeniandikia kipande kimoja kidogo ambacho nadhani hukukipa uzito: vibati vilivyofagiwa na vibarua. Vibati vile havikuwa taka. Mtu haweki bati chini ya mguu wa mashine kwa bahati mbaya. Kitanda cha mashine, zile reli ndefu ambazo kisu kinatembea juu yake, kinaonekana kigumu, lakini kikikalishwa kwenye sakafu isiyo sawa kinajipinda kiasi ambacho jicho halioni na chuma unachokata kinaona. Baba yako alikata, akapima, akaongeza bati, akakata tena, mpaka kitanda kikanyooka. Ile kazi ilibaki kwenye sakafu yake. Kwako mashine imetua tu, haijasimikwa. Hapo sisemi kwamba beringi ni nzima. Nasema hakuna aliyefika bado mahali pa kujua.

Na hata kabla ya sakafu, nitazame ule ufito wako. Milimita 20 kwa unene, sentimita 18 nje ya chaki, bila kushikwa upande wa pili. Hiyo ni mara tisa ya unene wake, wakati mazoea ya karakana ni kutovuka mara tatu au nne bila kuushikilia kwa senta ya kichwa cha nyuma, ile ncha inayoegemea mwisho wa chuma. Kisu kinapoukata kinausukuma. Kani ya kilo 10 tu pale mwisho inaupinda ufito wa namna hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye kipenyo kosa hilo linahesabika mara mbili. Sehemu kubwa ya ile 0.3 yako inaweza kutoka hapo peke yake, hata kwenye mashine iliyotoka kiwandani leo.

Kwa hiyo jaribu hivi. Tafuta kipande kinene, kama milimita 40, kichomoze sentimita 15. Katikati yake kipunguze, ubaki na kola mbili, yaani pete mbili nene, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Noa kisu vizuri, kisha pita kola zote mbili kwa mkato mwembamba sana bila kugusa mpini unaosogeza kisu ndani na nje. Pima kwa maikromita, si kwa kalipa. Kama zinatofautiana, weka kipande cha bati jembamba chini ya mguu mmoja wa upande wa kichwa cha nyuma, kaza, pita tena, pima. Tofauti ikiongezeka, hamishia bati mguu wa pili. Endelea taratibu. Kwa kazi za nyumbani, tofauti ya milimita 0.02 katika urefu huo haina neno. Pimamaji ya fundi ujenzi itakusaidia kuanza tu, haitakufikisha. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima ya mapumziko, na mwanao wa miaka 13 anaweza kuwa ndiye mwandika vipimo kwenye daftari. Kichwa cha nyuma kishughulikie baadaye, kitanda kikishanyooka, kwa sababu nacho kinaweza kuwa kimesogea njiani, na ukikirekebisha kwanza utafuata makosa mawili kwa pamoja.

Kuhusu beringi, fundi aliyeitikisa chaki kwa mkono alisikia kitu, sikatai. Lakini mkono hauwezi kutenganisha beringi na chaki iliyolegea kwenye kiti chake au taya zilizochakaa. Azima daili geji yenye sumaku, kipimo cha sindano kinachoonyesha chuma kikicheza hata kidogo. Ikae kwenye kitanda, sindano yake iguse shafti yenyewe nyuma ya chaki, kisha inyanyue chaki kwa kipande cha mbao. Sindano ikicheza sehemu moja au mbili za mia za milimita, hujafika kwenye msiba. Ikienda tano na kuzidi, hapo kuna la kuzungumza. Hata hapo, beringi za aina hii zina nati ya kuzikazia, na fundi mzuri hujaribu nati kabla ya kukuuzia beringi mpya. Usiikaze mwenyewe bila mtu aliyewahi kuifanya, maana ikizidi beringi inachemka na kuharibika kabisa. Mwulize pia fundi yule swali moja kwa heshima: "Ukibadilisha, utanionyesha kipimo gani kwamba imepona?" Jibu lake litakuambia mengi.

Kisu cha kukatia kinalia karibu kwenye kila mashine ya umri huo. Kichomoze kwa ufupi iwezekanavyo, kata karibu kabisa na chaki, punguza kasi ya mzunguko na usikiogope chuma, maana kisu kinachosugua tu ndicho kinachopiga kelele. Kaza zile skrubu za pembeni zinazoondoa ulegevu kwenye slaidi inayobeba kisu. Kisha bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo, taratibu, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa na kitovu. Ikilala upande wowote, kiko juu au chini. Mumeo atakushukuru kwa utulivu huo kabla hujafika kwa Kaka.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, mwanangu. Unasema ikikata sawa mbele ya Kaka maneno yatakwisha. Una uhakika? Kaka amesema mashine imekufa, ni kweli. Lakini mashine ikipona, kuna mteja wa Gerezani ambaye pengine ataongeza bei. Ukimwonyesha kwamba ni nzima, unaweza kuwa umemwonyesha kwamba inauzika vizuri zaidi. Kupona kwa mashine kunajibu swali la kama ni chuma chakavu. Hakujibu swali la ni ya nani.

Na kuna jambo lingine kuhusu Kaka, nitalisema kwa tahadhari kwa sababu simjui. Wewe bandani uliachiwa ukakate. Yeye kazi yake ilitupwa kwenye ndoo mbele ya macho yake. Mashine ile ile ambayo kwako ni sauti ya Baba, kwake inaweza kuwa sauti nyingine kabisa ya Baba huyo huyo. Inawezekana pia hana habari na hayo, ana deni la duka tu, au ada za watoto. Je, umewahi kumwuliza anaihitaji ile pesa kwa nini? Simaanishi kumhoji. Namaanisha kumpigia simu siku ambayo hamzungumzii mauzo. Ukimwambia maneno ya Baba ya mwisho kama hoja ya kushinda, atasikia kwa mara nyingine kwamba alishindwa kipimo. Ukimwambia kama mtu anayemkumbuka baba yake, sijui atasikia nini, lakini atakuwa amesikia kitu kingine.

Kaka anasema mgawane watatu. Mbona naona wanne? Umeandika Mama hasemi kitu, kisha ukaendelea. Kwa jinsi ulivyoandika nachukulia familia yenu inafuata mirathi ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto ana sehemu moja ya nane, na kinachobaki mnagawana ninyi, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, ikiwa wazazi wa Baba hawako hai na gharama za mazishi na madeni yameshalipwa. Kwenye hizo 4,000,000, Mama ni 500,000, wewe 700,000, na kaka zako 1,400,000 kila mmoja. Nimekuandikia hesabu hii ili kila mtu aione ilivyo, wewe ukiwemo, kwa sababu haimfuati Kaka na wala haikufuati wewe.

Maneno ya Baba nayo yana njia yake. Wasia kwa mrithi hausimami bila warithi wenzake kuridhia. Hiba, yaani zawadi aliyoitoa na kuikabidhi akiwa hai, ni jambo jingine, lakini hapo utaulizwa kama kweli alikukabidhi, na mashine ilibaki kwenye banda lake. Mtafute sheikh anayeijua elimu ya mirathi, umweleze kama ilivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza. Halafu kuna swali ambalo sikuliona kwenye barua: nani msimamizi wa mirathi? Kama familia haijakaa kikao na kwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishiwa msimamizi, basi Kaka hana mamlaka ya kuiuza mashine ile, na wewe pia huna mamlaka ya kusema ni yako. Kulijua hilo kunaweza kuwapa wote nafasi ya kupumua. Kunaweza pia kuwasha moto, ukilitamka kwa sauti ya kutishia. Ningemtafuta mzee anayeheshimiwa na pande zote aitishe kikao, badala ya wewe kulipeleka.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuinunua: ukawalipa wenzako sehemu zao, hata kwa awamu, kwa maandishi. Ukienda kwa bei ya Gerezani ni 3,300,000 kutoka mfukoni mwa muuguzi mwenye watoto wawili, na hapo hujagusa waya wala beringi. Utaweza kulipa bila kinyongo kuingia nyumbani kwako? Mumeo anajua hesabu hiyo?

Unaweza kuomba ibaki mali ya familia, ikae kwako, hakuna anayeuza kwa mwaka mmoja au miwili. Ni njia ya upole, na inampa Kaka nafasi ya kuja kuiona. Hatari yake ni kwamba mambo ya familia yasiyoandikwa huwa yanakua na meno. Nani atalipia matengenezo? Ikiharibika mikononi mwako, ni hasara ya nani? Yaandikeni, hata ukurasa mmoja.

Najua utashawishika kuchukua kazi za kulipwa ili mashine ijigharamie na Kaka anyamaze. Bushi za bodaboda zipo kila siku. Fikiria vizuri. Starehe uliyonieleza ni ya mtu anayetoka zamu na kukaa na chuma chake bila mteja kusimama mlangoni. Ukianza kuchukua fedha za watu, kuna leseni, kuna majirani na kelele, na kuna ile asubuhi ambayo umechoka na kazi inatakiwa. Na hapo niruhusu nikuulize kuhusu zamu ya usiku hata sasa. Wewe ndiye unayejua mgonjwa anahudumiwaje na mtu aliyekesha. Chaki nayo inataka mtu aliyelala. Pengine iwe kwanza usingizi, kisha mashine mchana.

Na kuna kuiuza. Najua hukutaka niliandike. Lakini ukiiuza ikiwa imesimikwa na kupimwa, haitaondoka kama chuma chakavu, itakwenda kwa mkereza atakayeitumia. Kwa sehemu yako ungeweza kuanza kuweka akiba ya mashine ndogo ya mezani, isiyohitaji cheni bloku, yenye kelele ambayo mumeo anaweza kuivumilia. Wako watu waliofanya hivyo wakapata amani, na wako walioota mashine ya zamani miaka mingi. Sijui wewe uko upande gani. Ukijiuliza usijiulize usiku, jiulize ukiwa umesimama mbele yake, mchana, imezimwa.

Huyo mwanao mwache aendelee kuja. Awe na miwani yake, asimame pembeni na si mbele ya chaki inapozunguka, na kanuni ya kwanza iwe kwamba ufunguo wa chaki hautoki mkononi mwa mtu mpaka urudi mezani. Ukiachwa kwenye chaki na mtu akawasha, unaruka kama jiwe. Umfundishe vipimo, ila ile ndoo ya chuma chakavu, mwanangu, usimfanyie.

Kama ningekuwa karibu nawe ningekuomba uanze Korogwe, kabla ya bati na kabla ya daili geji. Nenda kwa Mama peke yako, usimpelekee shauri aamue. Amekaa na mashine ile nyuma ya nyumba yake kwa miaka yote hiyo, ameisikia kuliko ninyi wote, ameosha maovaroli yenye oili. Mwulize yeye anataka nini kuhusu mashine, kuhusu nyumba iliyopangishwa, kuhusu kukaa kwake kwa mdogo wenu. Huenda atasema iuzwe. Huenda ana kumbukumbu ya jambo Baba alilomwambia usilolijua. Huenda bado hataki kusema, nawe ukubali.

Kisha ukirudi, pita zile kola mbili, na uniandikie kola ipi imetoka nene na kwa kiasi gani. Nikipata vipimo vyako tutaendelea kutoka hapo.

Mjomba